Mwewe Katua

Ilikuwapo nchi, na mpaka leo ipo, iitwayo Zungukani. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa maana ramani yake ingali ofisini inasubiri kusainiwa. Ni nchi njema. Mvua hunyesha inapopenda, watu husalimiana kwa kirefu, na viongozi wake wana vidole vyepesi kupita viongozi wote wa dunia. Wenye husuda husema vidole vyepesi ni sifa ya watu wa kazi nyingine. Tuwaache na husuda yao.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Tunu Mabewa, mwalimu wa mwandiko katika chuo cha ualimu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha, na tuseme kweli, alipenda kusifiwa kama paka anavyopenda jiko lenye moto. Kufundisha hakukumchosha. Kilichomchosha ni kusimamia mitihani, maana msimamizi haruhusiwi kusoma, wala kushona, wala kusinzia. Basi akaanza kuzungusha kalamu vidoleni. Mwanzoni iliangukaanguka mpaka watahiniwa wakamshitaki kwa mkuu wa chuo kwamba kishindo kinawatoroshea majibu. Muhula uliofuata haikuanguka tena.

Kila mtindo alioumudu aliupa jina. Ule wa kuizungusha kalamu juu ya gumba na kuidaka aliuita Chapati, kwa kuwa ukichelewa kudaka umeunguza. Ule wa kuipenyeza kalamu kidole hadi kidole, kutoka cha shahada mpaka cha mwisho na kurudi, aliuita Kenge Kavuka. Kulikuwa na mmoja wa makeke na mbio nyingi usiofika popote, huo akauita Feni Mbovu. Na ule mgumu kuliko yote, kalamu inapozunguka juu ya mgongo wa mkono bila kushikwa na kidole hata kimoja, ukiona jinsi ilivyong'ang'ania pale, hukuhitaji kuuliza kwa nini aliuita Mgeni Haagi.

Hayo yangebaki mambo ya chuoni kama si siku ile Mkuu wa nchi, anayeitwa Mtukufu na wote wanaopenda kazi zao, alipokaa na mawaziri wake ili asaini amri ya kufungua zahanati. Majengo yalikuwa yamekwisha, dawa zimo makabatini, wauguzi wameajiriwa, milango imefungwa kwa kufuli ikisubiri neno lake. Mtukufu akaishika kalamu, akapiga mwayo, akaichezea, na kwa bahati ikamzunguka gumba ikarudi mkononi. Mawaziri wakasimama wakapiga makofi. Mtukufu alikuwa amesaini mambo mengi maishani mwake, na hakuna hata moja lililowahi kupigiwa makofi namna ile. Akazungusha tena. Amri ikarudi kwenye jalada.

Tangu siku hiyo hakuna kiongozi wa Zungukani aliyesaini kitu. Si kwamba ilikatazwa, la hasha! Zungukani ni nchi huru. Ila Mtukufu alipotoa hotuba ya mwaka alisema kwamba kalamu inayosimama ni kalamu ya mtu aliyechoka na utumishi. Nani atake kuonekana amechoka? Mawaziri wakazungusha, wakuu wa mikoa wakazungusha, na wananchi waliokwenda kuomba vibali wakawa wanakaribishwa viti watazame.

Tatizo likawa moja: hawakujua kuzungusha. Ndipo gari jeusi likaenda kumchukua Tunu chuoni.

Walimpa cheo cha Mkufunzi Mkuu wa Taifa, nyumba yenye roshani na dereva aliyemfungulia mlango hata alipokuwa ameshashuka. Tunu akaona dunia imejua kumthamini. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Bwana Kondo Mtalika, Waziri wa Ustawi wa Vidole, mtu mnene mwenye pete nyingi.

"Usiisukume, mheshimiwa," Tunu alimwelekeza. "Kidole cha kati kivute kama unafyatua gololi. Gumba likae kimya."

"Gumba langu linajua kukaa kimya, mwalimu. Nimekuwa waziri miaka mingi."

Akafyatua. Kalamu ikaruka ikampata katibu wake shavuni. Katibu akashukuru.

"Imeanguka, mheshimiwa. Tuanze upya."

"Haijaanguka," alisema waziri kwa upole. "Kalamu ya serikali haianguki. Imekwenda kuwatembelea wananchi."

Sentensi hiyo iliwapendeza wakubwa, ikawekwa kwenye kanuni.

Haukupita muda ikaundwa Tume ya Majina ya Mizunguko, mwenyekiti wake Bwana Kondo mwenyewe, kwa sababu ilionekana si heshima viongozi kufanya mambo yanayoitwa chapati. Tunu aliketi mwisho wa meza, akiitwa kila mara jina linapotajwa ili aoneshe kwa vitendo. Wajumbe walikunywa chai, wakala sambusa, wakavaa miwani.

"Chapati," alisoma mwenyekiti. "Hili linapindua kitu. Neno kupindua silipendi."

Ikakubaliwa iitwe Mzunguko wa Hekima Isiyopinduka. Kenge Kavuka ikazua mjadala mrefu. Mjumbe mmoja aliuliza kenge ni nani hapa. Kila mmoja akaitazama sambusa yake, mpaka ikapitishwa kwa haraka kuwa Ziara ya Mtukufu Mikoani. Feni Mbovu ikawa Uchumi Unaopaa.

"Na hii, Mgeni Haagi?" aliuliza mwenyekiti.

Tunu akaionesha. Kalamu ikazunguka juu ya mgongo wa mkono wake, ikazunguka, ikakataa kushuka. Wajumbe waliitazama, halafu bila kutaka wakageuza macho kuitazama picha ya Mtukufu ukutani, ambayo ilikuwa pale tangu wengine wao wakiwa shule ya msingi.

"Huo tusiupe jina," alisema Bwana Kondo, akijifuta jasho. "Tuupe muda."

Tunu alicheka moyoni, lakini mdomo wake ulisema, "Uamuzi wa busara, mheshimiwa." Gari lilikuwa nje, na kiti chake kilikuwa laini.

Asubuhi moja dada yake, Sijali Mabewa, alifika kwenye nyumba ya roshani bila kutoa taarifa. Sijali alikuwa mkunga huko Matongo, mji wa mlimani walikozaliwa wote wawili. Alikataa chai. Alikataa hata kukaa.

"Tunu, mdogo wangu, nimesikia unafundisha wakubwa."

"Ndiyo, dada. Mpaka Mtukufu mwenyewe namfundisha siku hizi."

"Vizuri. Mimi nazalisha barazani. Zahanati ipo nyuma yangu, imefungwa. Nachungulia dirishani naona kitanda cha kuzalia kimefunikwa nailoni, naona dawa ya kuzuia damu ipo kabatini. Juzi mke wa Mbaruku fundi viatu alivuja damu mikononi mwangu, huku naiona ile chupa kwa macho yangu."

Tunu alimfahamu mwanamke yule. "Yu hali gani?"

"Tumemzika."

Dereva alikuwa anafuta gari uani akiimba. Sijali akashusha sauti. "Sikuja kukulaumu. Nimekuja kuuliza, kwa kuwa wewe ndiye mtaalamu. Hizo kalamu zao zinasimama lini?"

Mkufunzi Mkuu wa Taifa akavaa viatu. Alimsindikiza dada yake mpaka kituo cha basi kwa miguu, mara ya kwanza tangu apewe gari, na aliporudi alijifungia na rundo la kalamu.

Kwa siku kadhaa alitafuta mtindo ambao haujawahi kuwapo. Hatimaye akaupata. Kalamu ilianza juu ya gumba, ikapita nyuma ya kidole cha shahada, ikainama, ikatua kwa ncha mezani ikiwa imesimama wima, vidole viwili vikiishika kwa juu kama mtu anayesaga kitu kwenye kinu, na hapo ikaendelea kuzunguka juu ya ncha yake, ikiacha maduara yaliyopandana, kisha ikaruka na kurudi mkononi kwa mkia mrefu. Aliutazama mchoro ule akatabasamu. Waliokuwa na umri wa kutosha kuikumbuka saini ya Mtukufu walijua ilivyokuwa: maduara yaliyopandana, na mkia mrefu.

Akaenda Ikulu.

"Mtukufu," alisema, "kila mtu sasa anajua Hekima Isiyopinduka. Hata wauza karanga. Nimekuja na mtindo ambao hakuna mtu duniani amewahi kuufanya."

Macho ya Mtukufu yaling'aa. "Unaitwaje?"

"Mwewe Katua."

"Mwewe," alisema Mtukufu, akilionja neno. "Mwewe ni ndege wa juu. Lakini kutua, mwalimu? Si ndiyo kusimama?"

"Hasimami, Mtukufu. Anatua akiwa bado anazunguka. Wadogo hukamatwa chini yake."

Mtukufu alilipenda hilo la wadogo. Akajifunza kwa bidii ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake. Tume haikuthubutu kulibadili jina alilokwisha kulitamka kwa kinywa chake.

Ikafika Sikukuu ya Vidole. Uwanja ulijaa. Bwana Kondo alihutubia saa nzima akieleza kwamba mataifa mengine yana reli na viwanda, lakini yakiulizwa yazungushe kalamu yanaona aibu. Wanafunzi waliimba. Kisha meza ikaletwa, na Tunu, akiwa amevaa kitenge kipya, akatandika karatasi juu yake.

"Ya nini hiyo?" aliuliza mpambe mmoja.

"Meza ni ya mninga. Ncha itaikwaruza."

Mpambe akaona ni kweli. Hakusoma kilichoandikwa, kwa maana katika Zungukani kusoma karatasi kulikwisha kuwa ushamba.

Mtukufu akanyanyua mkono. Kalamu ikapanda, ikapinda, ikatua, ikachora, ikaruka. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Tunu akainyakua karatasi, akaiinua juu, akapaza ile sauti ya darasani: "Ndugu wananchi! Mtukufu ameamuru zahanati zote zifunguliwe leo!"

Shangwe ya kwanza ilikuwa ya kupangwa. Hii ya pili haikupangwa na mtu. Wanawake walirusha kanga. Mzee mmoja aliketi chini akalia. Mtukufu alimtazama Tunu kwa jicho ambalo mwalimu huyo aliliona hata usingizini siku nyingi baadaye, lakini masikio yake yalikuwa yanasikia shangwe, na masikio ya Mtukufu siku zote yalikuwa na nguvu kuliko macho yake. Akapunga mkono. Kufuli zikafunguliwa jioni ile ile.

Asubuhi wapambe wakajiumauma. Kama Mtukufu amesaini, basi kalamu yake ilisimama. Kama ilisimama, basi amechoka. Na kama amechoka… hakuna aliyeimaliza sentensi hiyo. Tume iliitwa kwa haraka, hata sambusa hazikuwahi, ikatoa tangazo kwenye gazeti la serikali: "Ifahamike kwamba Mtukufu hakusaini. Mtukufu alizungusha. Mwewe Katua ni mzunguko halali, na yeyote atakayeuita saini atakuwa ameitusi kalamu ya nchi."

Wapambe wakapumua. Tunu akapewa nishani, kwa kuwa kumwadhibu kungeonesha kwamba kuna jambo limetokea.

Sasa kila waziri alitaka kumtua mwewe wake. Na mwewe, kama ilivyoonekana uwanjani, hutua juu ya karatasi. Wenye karatasi hawakukawia kujitokeza. Walikuja na suti na mikoba, na heshima nyingi, wakiwaomba waheshimiwa wawaoneshe ule mtindo maarufu, na wakitandika karatasi zao wenyewe ili meza zisikwaruzwe. Baada ya onyesho walipiga makofi na kuacha bahasha za shukrani. Waziri mmoja alitua juu ya ziwa lote la kaskazini. Mwingine alitua juu ya msitu na wanyama wake. Bwana Kondo, ambaye hatimaye vidole vyake vililainika, alitua mara nyingi kuliko wote. Nchi iliyolala miaka kwa kukosa saini ikawa inauzwa kabla ya chakula cha mchana.

Kisha Sijali akapiga simu.

"Tunu, kuna bwana hapa anapima mlima kwa kamba. Anasema ni wake. Chemchemi yake, mawe yake, na zahanati imo ndani ya kamba. Ametuonesha karatasi. Ina maduara na mkia."

Watu wa Matongo hawakungoja. Walifungua kesi mji mkuu, na kwa kuwa watu wa ziwa na wa msitu walikuwa na karatasi za namna ile ile, kesi zikaunganishwa. Mahakama ilitaka kujua jambo moja tu: Mwewe Katua ni saini au ni mzunguko? Ikaagizwa aitwe aliyeubuni.

Kabla ya kuingia, Tunu alimvuta dada yake kwenye korido.

"Dada, nisikilize. Nikisema ni saini, mlima umekwenda, na ziwa limekwenda. Nikisema ni mzunguko, mauzo yote yanafutika. Lakini hata ile amri ya zahanati nayo inafutika. Ni mtindo ule ule."

Sijali alifikiri kidogo. Wiki ile alikuwa amezalisha pacha kwenye kitanda cha kweli, akiwa na maji ya bomba na dawa mkononi.

"Zahanati ilipofungwa nilizalisha barazani," alisema. "Mlima ukiuzwa, hilo baraza nitalipata wapi? Nenda kaseme kweli."

Wakili wa wanunuzi alisimama akitabasamu. "Mwalimu Mabewa, kalamu iligusa karatasi au haikugusa?"

"Iligusa."

"Iliacha alama?"

"Iliacha."

"Basi hiyo si ndiyo saini?"

Tunu aliona Bwana Kondo kwenye safu ya mbele akimwashiria kwa kichwa aseme ndiyo, pete zote zikimeta. Akajua kwamba neno moja litampa nyumba nyingine yenye roshani mbili. Akajua pia kwamba hajawahi kuitamani roshani kama anavyoitamani sasa.

"Mheshimiwa jaji," alisema, "mimi ni mtumishi wa serikali. Gazeti la serikali limesema Mtukufu hakusaini, alizungusha, na mtu akiuita saini ametukana kalamu ya nchi. Kama wakili anataka kuitukana, aitukane yeye. Mimi naogopa."

Ukumbi ulicheka. Wakili akageuka kumtazama Bwana Kondo amsaidie. Bwana Kondo alifumbua mdomo akaufumba. Kusema ni saini kungekuwa kusema kwamba Mtukufu alisimama. Kusema si saini kungekuwa kurudisha bahasha. Akabaki ameduwaa kama samaki aliyetolewa majini, mpaka jaji, ambaye naye alikuwa na watoto wa kusomesha, akatamka kwamba mahakama haiwezi kupingana na gazeti la serikali. Mauzo yote yakafutwa. Na amri zote.

Tunu alipotoka nje gari halikuwapo. Dereva alikuwa ameambiwa na mtu fulani aende mahali fulani. Nyumba aliikuta imewekewa mlinzi asiyemfahamu, na nguo zake zimefungashwa uani. Watu wa Matongo walimchukua kwenye lori lao, akapanda mlima amekaa juu ya mzigo wake, na njiani alilia kwa kweli, maana aliipenda sana ile roshani. Sijali alimwacha alie.

Siku chache baadaye alifika Matongo askari mmoja, Afande Lugongo, mtu mpole mwenye tumbo lisilotulia kwa maji ya safari, akiwa na kufuli mpya kubwa. Alikuwa ametumwa kuifunga zahanati. Alizunguka jengo upande wa mbele, akazunguka upande wa nyuma, akasimama mbele ya wanawake waliokaa kwenye benchi na watoto wao.

"Mlango uko wapi?" aliuliza.

"Upi?" aliuliza Sijali kutoka ndani, mikono yake ikiwa na povu la sabuni.

"Wa zahanati."

"Kwani uliuona?"

Bawaba hazikuwapo. Fremu zilikuwa zimeng'olewa, matundu ya misumari yamezibwa kwa saruji na kupakwa chokaa safi. Mahali pa kila mlango lilining'inia pazia la kanga. Afande Lugongo aliligusa pazia, akaigusa kufuli, akajaribu kuwaza namna hivi viwili vinavyoweza kukutana. Akapiga simu mji mkuu. Walimsikiliza, wakashauriana, wakampa jibu, naye akalitangaza barazani: asubiri hapo hapo mpaka kinunuliwe kibali cha mlango.

"Kibali kinanunuliwa?" aliuliza Tunu, aliyekuwa akikunja vitambaa.

"Nimeteleza ulimi, mama. Kitolewe."

Alisubiri chini ya dari ya baraza, kufuli mapajani. Alikuja kesho yake akasubiri, na kesho kutwa. Tumbo likazidi kumsokota, uso ukamgeuka rangi, mpaka akashindwa kuvumilia. Akaiweka kufuli chini ya benchi, akalisogelea pazia, akakohoa.

"Dada mkunga, naomba unitazame. Sijiwezi."

Sijali akatoa kichwa nje ya pazia, akamtazama yeye, akawatazama wanawake kwenye benchi.

"Foleni inaanzia kule nyuma, afande," alisema, na kichwa kikarudi ndani.